Unknown Pleasures: Albamu Ambayo Wenyewe Hawakuipenda

Unknown Pleasures, albamu ya kwanza ya bendi ya Joy Division ya Manchester, Uingereza, iliingia madukani tarehe 15 Juni 1979. Ina nyimbo kumi, na kuisikiliza yote hakuzidi dakika arobaini. Ilirekodiwa Aprili mwaka huohuo katika wikendi tatu zilizofuatana, wakati wanamuziki wote wanne bado wana ajira zao za mchana. Kazi ilipokamilika, wawili kati yao, mpiga gitaa Bernard Sumner na mpiga besi Peter Hook, walinuna. Jukwaani bendi yao ilikuwa na kishindo na kelele za hasira. Kwenye santuri ilisikika baridi, ya mbali, kama inapigwa katika jengo lililohamwa.

Miezi kumi na moja baadaye mwimbaji Ian Curtis alijitoa uhai, na tangu hapo albamu hiyo imekuwa ikisikilizwa kama wosia. Kila shairi linachambuliwa kutafuta dalili, na kila mwangwi unahesabiwa kuwa sauti kutoka kaburini. Usikilizaji huo unaeleweka, lakini unaidhulumu kazi yenyewe. Ubaridi wa albamu hii haukutokana na kifo, kwa sababu kifo kilikuwa hakijatokea. Ulitokana na ubishi wa studio, na mashine mpya, na fedha kidogo, na ukaidi wa mtu mmoja aliyekaa nyuma ya mitambo, ambaye hata hakuwa mwanabendi.

Habari inaanzia tarehe 4 Juni 1976, siku ambayo Sex Pistols ya London ilipiga katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, Manchester. Onyesho liliandaliwa na vijana wawili wa huko, Howard Devoto na Pete Shelley, ambao baadaye walijulikana kwa bendi yao ya Buzzcocks. Waliohudhuria walikuwa wachache mno, ingawa miaka ilivyokwenda idadi ya wanaoapa kuwa walikuwepo imeongezeka kiasi ambacho ukumbi ule usingeweza kuwabeba. Sumner na Hook, marafiki tangu shule huko Salford, walikuwepo kweli. Walichokiona ni watu wasiojua sana kupiga vyombo lakini wamesimama mbele ya hadhira bila soni. Hook hakuwahi kupiga chombo chochote. Kesho yake alikopa pesa kwa mama yake akanunua gitaa la besi.

Curtis, kijana wa Macclesfield aliyekuwa mraibu wa vitabu na wa muziki wa David Bowie, aliingia baadaye kidogo. Bendi ikajiita Warsaw, jina lililotokana na wimbo mmoja wa Bowie, na ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza Mei 1977. Wapiga ngoma walipita kama abiria mpaka alipopatikana Stephen Morris, naye wa Macclesfield, mwezi Agosti. Mwanzoni mwa 1978, ili wasichanganywe na bendi nyingine ya London yenye jina linalokaribiana, wakajibadilisha kuwa Joy Division. Jina hilo walilitoa katika riwaya inayohusu kambi za mateso za Wanazi, ambamo ndilo linaloitwa kundi la wanawake waliolazimishwa ukahaba. Lilikuwa chaguo la vijana waliotaka kushtua bila kupima uzito wa walichokishika. Lawama zilizowafuata kwa miaka hazikuwa za uonevu.

Ili kuuelewa muziki uliokuja kuitwa roki ya indi, lazima kwanza kuielewa biashara ya wakati ule. Kampuni kubwa za kurekodi zilikuwa London. Mwanamuziki wa kaskazini aliyetaka kutoka alipanda treni na kaseti yake, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akangoja. Akibahatika kusaini, haki za rekodi zinakuwa za kampuni, yeye anabaki na asilimia chache za mauzo baada ya gharama zote kukatwa. Januari 1977 Buzzcocks waliuvunja utaratibu huo. Walikopa kama pauni 500, wakarekodi nyimbo nne na kujitolea wenyewe santuri ndogo iitwayo Spiral Scratch, nakala 1,000 kwa kuanzia. Zikaisha. Neno indi, kabla halijawa jina la mtindo wa gitaa na nywele, lilikuwa jina la mpango huu wa fedha, yaani kampuni isiyo chini ya wakubwa. Aliyeitayarisha santuri hiyo alijiita Martin Zero. Jina lake halisi ni Martin Hannett.

Joy Division nao walijaribu njia zote mbili na zote ziliwaumiza. Walijitolea santuri yao ya nyimbo nne, An Ideal for Living, wakabana muziki mwingi mno kwenye santuri ya inchi saba, ikatoka na sauti ya kufifia, kama redio iliyofunikwa blanketi. Mei 1978 wakarekodi albamu nzima kwa mpango uliopitia kwa mtu wa kampuni ya RCA. Huko mtayarishaji akawapachikia kinanda cha elektroniki ambacho hawakukitaka. Wakajitoa, na rekodi zile zikawekwa kando. Kwa hiyo kitaalamu Unknown Pleasures ni jaribio lao la pili la kutengeneza albamu, jambo ambalo wanaoisifu kama muujiza wa mara moja husahau kulitaja.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1978, katika klabu ya Rafters, bendi kadhaa zilishindania nafasi ya kusainiwa na lebo mbili za London. Curtis alimwendea mtangazaji wa televisheni ya Granada, Tony Wilson, akamtukana kwa kutowapa nafasi kwenye kipindi chake. Wilson hakukasirika, na Septemba mwaka huo aliwaonyesha kwenye televisheni. Usiku huohuo wa Rafters, Rob Gretton, aliyekuwa akipiga rekodi klabuni, aliisikia bendi ikipiga karibu na saa nane za usiku akaamua kuwa meneja wao. Wilson na rafiki yake Alan Erasmus walikuwa karibu kuanzisha usiku wa muziki katika klabu moja ya mtaa wa Hulme, wakauita The Factory. Mwanafunzi wa sanaa za uchapaji, Peter Saville, alichora tangazo la maonyesho hayo, akalileta wakati maonyesho yenyewe yamekwishapita. Tangazo lilikuwa zuri mno kiasi kwamba hakuna aliyemfukuza. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Factory tangu siku ya kwanza, kwamba uzuri ulitangulia na tarehe ikajua yenyewe.

Klabu ikazaa lebo, na ofisi yake ikawa nyumbani kwa Erasmus, Palatine Road. Santuri ya kwanza ya lebo hiyo, iliyotoka mwanzoni mwa 1979, ilichanganya wasanii wanne. Joy Division walitoa nyimbo mbili, zote zimetayarishwa na Hannett. Wakati huohuo kampuni iliyokuwa na uhusiano na wakubwa wa London iliwarekodi kwa majaribio, ikiwa tayari kuwapa mkataba. Gretton alipiga hesabu akachagua kubaki nyumbani. Hesabu yake haikuwa ya kizalendo. Factory iligawa faida nusu kwa nusu baada ya gharama, na hakimiliki ilibaki kwa wanamuziki. Wilson alipenda kusimulia kwamba hati ya makubaliano hayo aliisaini kwa damu yake. Iwe damu au wino, karatasi hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa kuliko yeye mwenyewe alivyotarajia.

Studio iliyochaguliwa ilikuwa Strawberry, Stockport, kusini kidogo ya Manchester, iliyojengwa na watu wa bendi ya 10cc kwa faida za nyimbo zao za pop. Ilikuwa na vifaa ambavyo vijana wa Salford na Macclesfield hawakuwahi kuvigusa. Hannett, aliyekuwa na shahada ya kemia, alivitumia kama mtu aliye maabara. Kwanza alitaka kila sauti isimame peke yake. Katika baadhi ya nyimbo alimlazimisha Morris kupiga ngoma moja moja, leo mdundo wa chini, baadaye kidogo ule wa kati, ili sauti ya kimoja isivujie kwenye maikrofoni ya kingine. Kwa mpiga ngoma hilo ni sawa na kumwambia mtu atembee mguu mmoja kwanza, wa pili atautembeza kesho. Morris alivumilia. Uchezaji wake, ambao tayari ulikuwa na nidhamu ya saa ya ukutani, ukawa kama wa mashine inayohema.

Kisha Hannett akazipitisha sauti hizo katika mashine ya kidijitali ya kuchelewesha sauti, iliyotengenezwa na kampuni ya AMS ya Burnley. Wakati huo ilikuwa kifaa kipya. Watu wengi waliitumia kwa mwangwi wa kawaida, ule unaorudisha neno kama mtu anayeita bondeni. Yeye aliiweka kwenye ucheleweshaji mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, kiasi kwamba sikio halisikii sauti mbili bali linahisi chumba. Akiisha kukijenga chumba kwa ngoma, anajenga kingine kwa gitaa, na kingine kwa sauti ya mwimbaji, vyumba ambavyo havifanani wala havipakani. Ndiyo maana msikilizaji wa albamu hii hupata hisia kwamba wanamuziki wanne wapo pamoja na hawapo pamoja. Wengi wamelieleza hilo kama upweke wa Curtis. Ni kweli linamfaa, lakini limetengenezwa kwa vitufe.

Lifti ya studio nayo iliingizwa kazini. Hannett aliweka ndani yake spika inayozunguka, na ngurumo yake ikaingia kwenye rekodi. Kwa wimbo Insight, sauti ya Curtis ilipitishwa kwenye laini ya simu ili isikike inatoka mbali. Katika wimbo wa mwisho, I Remember Nothing, chupa zilivunjwa kwelikweli mbele ya maikrofoni. Kwa She's Lost Control, Morris alifungiwa kwenye kijichumba na kopo la dawa ya kusafishia vichwa vya mashine za kurekodia, akawa anapuliza, “pss”, kwa kila pigo la ngoma, huku ukungu wa dawa ukimzidi. Alitoka akitafuta hewa. Mlio uliobaki kwenye wimbo ni mkavu na mkali, na ukishajua ulivyopatikana huwezi tena kuusikia kama chombo cha muziki. Unasikia kopo, na mtu anayekohoa nje ya mpaka wa rekodi.

Hook na Sumner waliketi nyuma ya Hannett wakiomba magitaa yapandishwe. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngozi ilikuwa na wavutaji wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili. Hannett alishinda kwa mbinu za kila aina, pamoja na kukipoza chumba cha mitambo mpaka wanamuziki wakatetemeka na kuondoka. Maagizo yake kwao nayo yalikuwa mafumbo, ya kumtaka mtu apige haraka lakini polepole. Curtis na Morris hawakulalamikia matokeo. Sumner na Hook walilalamika kwa miaka mingi, wakidai nguvu ya bendi imefyonzwa, na wana hoja, kwani rekodi za maonyesho ya mwaka ule zinaonyesha kundi lingine kabisa, lenye moto. Hata hivyo bendi zenye moto zilikuwa nyingi mwaka 1979, na zilizosikika namna hii hazikuwepo.

Kitu kimoja Hannett hakukibuni, nacho ni besi. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi anaujua mgawanyo wa kazi, kwamba besi hushika chini, rithim husuka, solo hupanda juu na kuimba. Joy Division waliupindua. Sumner alipiga kwa sauti kubwa, na amplifaya ya Hook ilikuwa dhaifu, kwa hiyo mpiga besi alipopiga nyuzi za chini hakujisikia. Akahamia juu ya shingo ya gitaa, kwenye nyuzi nyembamba, akaanza kusikika. Curtis, ambaye hakuwa mpiga chombo hodari lakini alikuwa na sikio zuri, alilitambua hilo mazoezini na kumhimiza aendelee. Ndivyo besi ilivyogeuka solo, na gitaa likabaki kukwaruza pembeni kama mtu anayetafuta nafasi ya kuingilia mazungumzo. Katika She's Lost Control ni besi inayoimba kabla ya mwimbaji. Ufukara wa amplifaya moja umezaa mtindo ambao wapiga besi wa roki bado wanauiga, wengi wao wakiwa na amplifaya nzuri sana.

Wimbo huohuo una asili iliyo nje ya muziki. Curtis alikuwa mtumishi wa ofisi ya ajira Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Miongoni mwao alikuwamo msichana mwenye kifafa, ambaye alikuja kwake mara kadhaa, kisha akaacha kuja. Curtis akapata habari kwamba amefariki baada ya kushikwa na ugonjwa huo. Wimbo ulizaliwa hapo. Mwishoni mwa Desemba 1978, wakirudi kutoka kwenye onyesho London, Curtis mwenyewe akapatwa na kifafa kwa mara ya kwanza ya kutambulika, na mwezi uliofuata madaktari wakathibitisha. Dawa za wakati ule zilikuwa nzito na zilimvuruga hisia. Jukwaani alicheza kwa mikono inayopunga kwa kasi isiyo ya kawaida, na ilifika mahali watazamaji, na mara nyingine hata wenzake, hawakujua kama anacheza au ameanguka. Mwezi wa kurekodi albamu ndio mwezi aliozaliwa binti yake. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Mashairi yake yanabeba hayo yote, lakini kwa namna ya msomaji wa riwaya. Curtis aliwasoma Ballard, Burroughs, Kafka na Dostoyevsky, na nyimbo zake zina wahusika, vyumba, barabara na miji isiyotajwa. Ni nadra kumkuta akitoa siri kama anayeandika shajara. Hapo ndipo usikilizaji wa wosia unapokosea zaidi, kwa kumnyang'anya mtunzi ufundi wake na kumwachia maumivu peke yake.

Jalada lina historia yake, na pengine ndilo lililosafiri mbali kuliko muziki. Katika kitabu kimoja cha elimu ya nyota kilichochapishwa Cambridge mwaka 1977, bendi waliona mchoro wa mistari iliyopangana, kila mmoja ukiwa na vilele vya kupanda na kushuka katikati. Ulikuwa mchoro wa mawimbi ya redio ya CP 1919, pulsa ya kwanza kugunduliwa. Aliyeiona mwaka 1967 ni Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, na Tuzo ya Nobel ya ugunduzi wa pulsa ilipotolewa mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish. Hilo nalo ni jeraha ambalo wanasayansi hawajamaliza kulijadili. Mchoro wenyewe ni kazi ya Harold Craft, aliyeutengeneza kwa kompyuta kwa ajili ya tasnifu yake ya mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Cornell, akitumia data za darubini kubwa ya redio ya Arecibo, Puerto Rico.

Pulsa ni kiini cha nyota iliyokufa kinachozunguka kwa kasi na kurusha mawimbi kama mnara wa taa baharini. CP 1919 hupiga kila baada ya sekunde 1.337, bila kuchoka. Kila mstari kwenye mchoro ni pigo moja, na mistari ipo 80. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba muda wa mapigo haubadiliki lakini umbo la kila pigo ni tofauti na la jirani yake, lingine lina kilele kimoja kirefu, lingine vitatu vifupi. Mpangilio ni uleule wa ngoma za Morris, za saa isiyokosea, huku kila pigo likiwa na sura yake. Kama bendi walilitambua hilo walipouchagua mchoro, au lilikuwa macho tu yaliyovutiwa na milima ya ajabu, si jambo la kulipigania.

Walimpa Saville mchoro na maagizo kwamba jalada liwe jeupe kwa nje na jeusi kwa ndani. Saville akafanya kinyume. Aliugeuza mchoro ukawa na mistari myeupe juu ya weusi, akaupunguza ukawa mdogo katikati ya karatasi yenye mkwaruzo, na upande wa mbele hakuweka jina la bendi wala la albamu. Ndani kukawa na picha ya mpigapicha Ralph Gibson, ya mkono ulionyooshwa kwenye mlango. Pande mbili za santuri hazikuitwa A na B, ziliitwa Nje na Ndani. Kampuni yoyote kubwa ingekataa kuuza bidhaa isiyo na jina mbele. Factory haikuwa na idara ya kukataa. Kwa hiyo bendi ilikuwa imepinduliwa mara mbili katika albamu yake yenyewe, kwanza na mtayarishaji, kisha na mchoraji, na mara zote mbili waliopindua walikuwa sahihi. Pengine hilo ndilo lililoitofautisha Factory na lebo nyingine huru za zama zake. Nyingi zilimpa mwanamuziki uhuru. Factory ilimpa uhuru kila aliyehusika, hata ule wa kumkera mwenzake.

Nakala 10,000 zilichapishwa kwa kuanzia, Wilson akichangia akiba yake mwenyewe. Wiki za kwanza zilikwenda vizuri, kisha mauzo yakapoa. Magazeti ya muziki yalisifu, Jon Savage wa Melody Maker akiwa miongoni mwa waliotangulia kuona kwamba sauti ya Manchester yenyewe, ya viwanda vilivyofungwa na nyumba zinazobomolewa, imeingia kwenye santuri. Mtangazaji John Peel wa BBC aliendelea kuipiga usiku. Hakuna wimbo uliotolewa peke yake kutoka kwenye albamu, na Transmission, uliotoka baadaye mwaka huo na ambao ungeweza kuisukuma, haumo ndani. Albamu haikuingia kwenye chati kuu ya Uingereza mwaka huo. Walipoajiriwa kusindikiza ziara ya Buzzcocks mwishoni mwa 1979 ndipo kazi za mchana zilipoachwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Machi 1980 walirekodi albamu ya pili, Closer, London. Tarehe 18 Mei, siku moja kabla ya safari ya kwanza ya Marekani, Curtis alijiua nyumbani kwake Macclesfield akiwa na miaka 23. Wimbo Love Will Tear Us Apart ulifika nambari 13, Closer ikafika nambari 6, na watu waliozinunua wakarudi nyuma kuitafuta albamu ya kwanza, ikaingia kwenye chati kwa mara ya kwanza mwezi Agosti, nambari 71. Kwa wengi wao Unknown Pleasures haikuwahi kuwa albamu ya watu walio hai. Waliipokea tayari imevaa sanda. Jalada la Closer, lenye picha ya kaburi, lilikuwa limechaguliwa kabla ya msiba, lakini nani angeamini?

Watatu waliobaki walifanya jambo ambalo wapenzi wa misiba hawakulitarajia. Wakabadili jina kuwa New Order, wakamchukua Gillian Gilbert, na mwaka 1983 wakatoa Blue Monday, wimbo wa dansi wa elektroniki uliovunja rekodi za mauzo ya santuri za inchi kumi na mbili. Njia ya kufika huko imo tayari ndani ya Unknown Pleasures, katika ngoma za elektroniki za Morris na nidhamu yake ya mashine. Mwingine aliyeisikia albamu kwa sikio la dansi mapema sana ni Grace Jones, Mjamaika, ambaye mwaka 1980 aliirudia She's Lost Control akiwa na kundi la Compass Point la Bahamas, lenye Sly Dunbar na Robbie Shakespeare wa rege. Wimbo wa ofisi ya ajira ya Macclesfield ulikuwa umevuka bahari kabla hata magazeti hayajamaliza kuuita wa huzuni.

Upande wa roki athari ni pana kiasi cha kuchosha kuitaja. U2 walimtafuta Hannett awatayarishie wimbo mwaka 1980. Interpol wa New York, walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2002, walifananishwa na Joy Division mpaka wakachoka kulijibu swali hilo. Wengi wa waigaji walichukua sauti nzito ya kuimba na nguo nyeusi, vitu vilivyo rahisi kununua, wakaziacha nafasi tupu kati ya chombo na chombo, ambazo ndizo albamu yenyewe.

Fedha nazo zina kisa chao. Mapato ya New Order yaliingia kwenye klabu ya Haçienda, iliyofunguliwa mwaka 1982 na kupoteza pesa kwa miaka mingi huku ikiujenga upya usiku wa Manchester. Mwaka 1992 Factory ilikuwa hoi, na London Records ikaja ikitaka kuinunua. Wanasheria wakaomba mikataba. Wakaoneshwa karatasi ya Wilson, inayosema kwamba muziki ni mali ya wanamuziki. Factory haikuwa na cha kuuza. Ikafilisika Novemba mwaka huo, na wanamuziki wakaondoka na rekodi zao. Hannett hakuyaona hayo. Aligombana na wabia wenzake, akawapeleka mahakamani, pombe na dawa za kulevya zikamwandama, akafariki mwaka 1991.

Mistari ya pulsa sasa ina maisha yake. Imechapishwa kwenye vikombe, mabegi na viatu, na huenda anayepekua marobota ya mitumba Gikomba au Karume amekutana na fulana hiyo nyeusi bila kujua kama ni milima, mapigo ya moyo au tetemeko la ardhi. Mwaka 2012 Disney ilitoa fulana ya Mickey Mouse iliyochorwa kwa mistari hiyohiyo, kisha ikaiondoa sokoni baada ya kelele. Harold Craft, aliyeuchora mchoro, hakuwa na habari ya albamu mpaka mwenzake alipomweleza. Akaenda dukani, akaikuta, akanunua nakala yake kwa pesa yake.

Sumner na Hook, ambao siku hizi hawaelewani na wamefikishana mahakamani kuhusu jina la New Order, wamekubaliana angalau kwa hili, kwamba Hannett alifanya kazi nzuri kuliko walivyomthamini. Tangu mwaka 2010 Hook huzunguka na bendi yake, The Light, akiipiga Unknown Pleasures yote, wimbo kwa wimbo. Juni 2019 albamu ilitolewa upya kutimiza miaka 40, kwenye santuri nyekundu. Jalada lake safari hii lilikuwa jeupe kwa nje, kama bendi walivyoagiza tangu mwanzo, na albamu ikafika nambari 5.